Safari Hii Hatuimbi

Naanza na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo watu walioitazama kwanza wakakasirika. Vijana 23 wa kambi ya Bwagiriza, kule Ruyigi, wanataka kuteremka Bujumbura Jumamosi moja kabla ya Noeli, waketi, wasikilize kwaya. Kiingilio ni faranga 5,000 kwa mtu, jumla 115,000. Pesa hiyo wameitafuta wenyewe. Wengine wamebeba matofali, wengine wamesuka nywele, wawili wameuza lengalenga sokoni, na mmoja ameuza kuku wa mama yake (mama alijua, nimemuuliza mwenyewe). Bisi ndiyo inatuumiza kichwa, maana habari ya mafuta katika nchi hii mnaijua: leo dereva anakupa bei, kesho anakwambia alilala kwenye foleni ya stesheni na lita hazikumfikia. Kulala hakuna gharama. Familia za hapa Kinama zimekubali kupokea watu wawili wawili, na mama mmoja amesema atapokea wanne lakini waje na mikeka.

Onyesho lenyewe liko kwenye bustani ya kujifurahisha karibu na ziwa, mahali penye bembea za watoto na wauza brosheti. Kwaya tatu, kinanda kimoja, na mishumaa giza likiingia. Kabla ya hapo, asubuhi, tungepita Musée Vivant vijana waone mamba na ile nyumba ya kifalme ya kienyeji, kisha tule maandazi, kisha tuende tukae mapema kwenye viti vya mbele. Huo ndio mpango wote. Hakuna warsha ndani yake. Hakuna karatasi ya kusaini posho.

Mpango huo umerudishwa mara moja tayari.

Ukitaka kutoka kambini unaomba kibali, na kibali kinataka sababu. Sababu ambazo watu wamezizoea ni hospitali, shule, msiba, kumwona ndugu, shughuli ya kutafuta maisha. Sisi tuliandika: kusikiliza kwaya. Aliyepokea barua aliisoma mara mbili, akatabasamu, akasema kwa upole kabisa, na ndiyo maana iliniuma zaidi, "Lakini nyinyi si munaimba vizuri? Imbeni hapahapa, tutawaletea wageni." Mwingine, mfanyakazi wa shirika, kijana kama mimi, alinivuta pembeni akanipa ujanja: "Andika ni shughuli ya afya ya akili. Itapita haraka."

Nataka kuwajibu wote wawili hapa, kwa sababu pale nilinyamaza. Nilisema asante, nikapanda moto, nikafika nyumbani ndipo maneno yakanijia.

Kwanza huyu wa "imbeni hapahapa". Ndugu yangu, sisi tunaimba sana. Kila tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi duniani, tunaimba. Akija balozi tunaimba. Shule ikipata paa jipya tunaimba, na choo kikifunguliwa, naapa, tuliimba pia, sauti nne, juu ya choo. Tunapewa fulana zenye maandishi, tunapangwa wafupi mbele, tunapigwa picha. Wageni wanakaa chini ya hema, wana viti na maji ya chupa. Sisi tuko juani. Sijawahi kuona siku ambayo viti vilikuwa vyetu na jua likawa la wengine.

Sisemi kuimba ni utumwa. Wanapenda kuimba, wangeimba hata bila balozi. Lakini mtu akikuona miaka yote ukiwa umesimama unaimba, mwishowe anadhani hiyo ndiyo kazi yako duniani: kumfurahisha yeye na kumwonyesha kwamba uko hai na una shukrani. Hawezi kukuwazia umeketi, umelipa kiingilio, unasema "besi wa leo ni dhaifu".

Kuna binti wa miaka 17 katika kikundi, anaimba alto tangu akiwa na miaka tisa. Mimi sikuwaza habari ya safari hii mpaka aliponiambia neno moja baada ya mazoezi. Alisema: "Yaya, mimi sijawahi kusikia kwaya. Nasikiaka tu Mama wa pembeni yangu." Nikacheka, kisha nikaona ni kweli tupu. Ukiwa ndani ya kwaya husikii kwaya. Unasikia sikio la kushoto na sikio la kulia. Tena na mwalimu akikukazia macho, hata hao huwasikii. Ile sauti moja kubwa ambayo wageni wanaondoka nayo wakiwa na machozi, yeye aliyeitengeneza hajawahi kupewa. Kwenye simu ameisikia, kwenye spika ya ukubwa wa sarafu. Miaka minane anapika chakula asichokionja.

Sasa yule rafiki wa "andika afya ya akili". Najua anataka kutusaidia. Na najua vijana wetu wana mizigo kichwani. Baadhi yao wamevuka Rusizi usiku, na walioingia tangu Februari 2025 baada ya Bukavu kuanguka bado wanashtuka mlango ukigongwa. Lakini nikiandika hivyo nitakuwa nimesema uongo mdogo wenye matokeo makubwa. Uongo huo unasema mkimbizi hana haki ya furaha mpaka daktari aiandike. Mwenye nyumba pale Rohero akienda kusikiliza kwaya ya Noeli na mke wake, ni matembezi. Sisi tukienda kwaya ileile, viti vilevile, ni tiba, na lazima kuwe na fomu kabla na fomu baada: kabla ulikuwa na huzuni kiasi gani, moja mpaka tano? Baada ya wimbo wa tatu, je? Mimi nimejaza fomu hizo. Nimewaona watoto wanachagua namba kwa kuangalia uso wangu.

Nina binamu aliyepelekwa Marekani zamani kidogo, kabla ya mlango ule kufungwa Januari 2025 na watu wengi hapa kubaki na mafaili yao mkononi. Yuko Florida. Mwaka jana Desemba alinitumia sauti ndefu ya dakika sita, anazungumzia Noeli ya kule Walt Disney World, bustani ya michezo ambayo mji mzima ungeingia ndani yake. Kuna kwaya kubwa na okestra, na mtu maarufu anasimama kusoma habari ya kuzaliwa kwa Yesu. Desturi hiyo ilianzia California, Disneyland, mwaka 1958. Binamu anasema watu hupanga miezi mapema, wengine hununua chakula cha jioni cha bei kali ili wahakikishiwe kiti tu. Dakika sita nzima alikuwa ananieleza foleni, maegesho ya gari, mtoto aliyelala kabla kwaya haijaanza. Nilimsikiliza nikasubiri afike mahali anapoeleza aliandika sababu gani. Hakufika. Hakuna aliyemuuliza.

Wazee wetu nao nisiwaruke, maana kelele nyingine imetoka kwenu. Mzee mmoja ninayemheshimu aliniita mbele ya watu akasema, "Mutoto wangu, muchele iko wapi, na wewe uko unaongea muziki?" Baba, nimekusikia. Mgao umepunguzwa, hata mimi nilikuja nikakuta sufuria moja inapikiwa nyumba mbili. Siwezi kusimama mbele ya mama mwenye watoto watano nikamhubiria uzuri wa sauti ya soprano. Lakini zile 115,000 ukizigawa kwa watu wa kambi, kila mmoja hapati hata kiberiti. Na aliyekata mchele si kwaya. Tukianza kugombana sisi kwa sisi kuhusu pesa za lengalenga za vijana wawili, yule aliyekata mchele anakunywa chai yake kwa raha.

Kijana mmoja alijitoa. Mama yake aliugua, pesa yake ikaenda kwenye dawa, na nafasi yake imechukuliwa na mwingine. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo na hakuna aliyemwambia asifanye. Nalitaja hili kwa sababu watu wanasema vijana hawajui uzito wa maisha. Wanaujua. Wanaupima wenyewe kila wiki, na baada ya kuupima bado 23 wametoa pesa.

Fundi wetu wa kwaya, ambaye alisoma muziki kwa mapadri, alitupa hadithi ambayo naipenda. Ule muziki mkubwa wa Händel, Messiah, wenye Haleluya ambayo kila kwaya ya Kivu imeijaribu na kuiharibu, uliimbwa mara ya kwanza Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742. Kwa hiyo hata haukuwa wa Noeli, ulikuwa karibu na Pasaka. Ulikuwa onyesho la msaada. Mapato yalikwenda hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakafunguliwa. Watu walivyotarajiwa kuwa wengi, wanawake waliombwa waje bila yale magauni yenye pete za kuyatanua, wanaume waache panga zao nyumbani, ili nafasi iongezeke. Nikamuuliza fundi: wale wafungwa 142, kuna aliyewaita nao waje kusikiliza? Fundi akasema hajui, kitabu chake hakikusema. Nimelifikiria swali hilo kwa wiki nzima.

Tena nchi hii yenyewe inajua thamani ya jambo la aina hii. Hapa jirani, Kamenge, wakati wa vita vya miaka ya 1990, mitaa ya kaskazini ikichinjana kwa ukabila, Centre Jeunes Kamenge iliwakutanisha vijana wa pande zote kwa mpira, kwa masomo, kwa michezo. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya Right Livelihood, tuzo ambayo watu huiita Nobel mbadala. Kuna waliosema wakati ule kwamba mpira si hitaji la msingi? Lazima walikuwepo. Wako kila mahali.

Na kwa wanaopenda karatasi, nami nina karatasi. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ibara ya 26, unazungumzia mkimbizi kuchagua anapokaa na kutembea kwa uhuru. Burundi ilijiunga mwaka 1963 na kuweka masharti yake juu ya ibara hiyo: mkimbizi asichague makazi katika eneo linalopakana na nchi aliyotoka, na katika kutembea kwake asijiingize katika vitendo vya uchochezi dhidi ya nchi yake. Haya. Hatuombi makazi, tunaomba usiku mmoja. Na kuhusu uchochezi, nimepitia orodha ya nyimbo ya onyesho lile kutoka juu mpaka chini. Kuna wachungaji, kuna kondoo, kuna nyota. Mtu pekee anayetishiwa ni Herode. Kisha kuna mkataba wa haki za mtoto wa 1989, ibara ya 31: mapumziko, michezo, na kushiriki maisha ya utamaduni na sanaa. Kati ya hao 23, tisa bado hawajafika miaka 18. Ibara hiyo haikuandika "isipokuwa watoto wa Bwagiriza".

Nakubali kuna jambo ambalo ofisi ina haki kuliuliza: usalama wa barabarani. Kutoka Ruyigi hadi Gitega, kisha kupanda Bugarama kwenye ukungu na kuteremka zile kona zote mpaka ziwa, malori yanapanda huku wenye baiskeli wamejishika nyuma, si jambo dogo na watoto wa watu. Mkiniuliza dereva ni nani, bisi imekaguliwa lini, nani anabaki na wasichana usiku, nitajibu yote, nimeyaandika. Hayo ni maswali ya mtu anayetujali. Swali la "kwa nini mnataka kusikiliza" silijibu tena.

Barua ya pili imepelekwa Jumatatu. Kwenye mstari wa sababu nimeandika maneno yaleyale, kusikiliza kwaya, ila safari hii kwa herufi kubwa. Fulana zenye maandishi tumekubaliana zibaki kambini. Kila mtu anavaa nguo yake, na binti wa alto ameazima viatu ambavyo vinambana lakini hasikii la mtu. Bisi tuliyoahidiwa ina nafasi 28. Sisi na wasindikizaji watatu tunakuwa 26. Viti viwili viko wazi. Kimoja nimemwekea yule mzee wa mchele, hatalipa kitu. Cha pili ni cha yule aliyesema tutaletewa wageni, naye kiingilio chake ni faranga 5,000 kama wengine, na tunaondoka saa kumi na moja alfajiri.