Cheti cha Karen na kazi ya Mukuru

Kuna swali vijana wengi waliomaliza kidato cha nne wanauliza, huku Pwani na kule Nairobi: nikisomea diploma ya usaidizi wa kisheria, nitapata kazi? Ningependa tulitazame kupitia mtaa wa Mukuru kwa Reuben, kwani huko kazi hii inahitajika kila siku ya Mungu na wanaoifanya wengi hawana diploma yoyote.

Reuben iko Embakasi Kusini, ubavuni mwa viwanda vya Industrial Area. Nyumba ni za mabati, na sehemu kubwa ya ardhi iligawiwa watu binafsi na makampuni zamani kwa ajili ya viwanda vidogo. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, kaya zaidi ya laki moja. Hilo halikuzuia matingatinga kuingia Mukuru kwa Njenga, jirani zao, mwishoni mwa 2021, na maelfu ya watu wakalala nje.

Lakini kesi nyingi za mtaani si za matingatinga. Mwenye nyumba amefunga mlango kwa deni la mwezi mmoja. Kibarua amefukuzwa kiwandani bila malipo yake. Kijana amekamatwa Ijumaa jioni na mamake anaambiwa "atoe kitu". Hapa ndipo mtu anayejua sheria kidogo tu anaokoa nyumba nzima. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Wengi wanaishia hapo, wanakwenda kituoni kupiga kelele Jumamosi. Aliyesoma vizuri anajua kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba saa hizo zikiishia nje ya muda wa korti, polisi wana hadi siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo hapigi kelele. Anaomba bondi ya polisi, na anamwambia mama kuwa bondi haiuzwi. Vivyo hivyo kwenye kodi: nyumba ya shilingi 2,500 kwa mwezi au chini ya hapo inalindwa na sheria ya kudhibiti kodi na ina baraza lake, ingawa siku hizi chumba cha bei hiyo hukipati kwa urahisi hata Mukuru.

Sasa tuje kwenye cheti. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliwatambua maparalegali, jambo ambalo mashirika yalilipigania miaka mingi. Ila soma maana iliyotolewa humo: paralegali ni mtu aliyeajiriwa na idara ya serikali ya msaada wa kisheria au na shirika lililoidhinishwa, na aliyemaliza mafunzo katika chuo kilichokubaliwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Chuo kinachojulikana zaidi ni Kenya School of Law, kule Karen, diploma ya miaka miwili. Mama wa Reuben aliyefunzwa na shirika kwa wiki mbili, kisha akasindikiza majirani kituoni na kortini Makadara kwa miaka kumi, kwa maana hiyo hayumo.

Na aliye na diploma hayuko Reuben. Simlaumu. Amelipa karo, ana wazazi wanaomtegemea, na mshahara uko kwenye ofisi za mawakili, masjala za korti na makampuni. Mtaani hakuna wa kumlipa. Basi jibu langu kwa kijana ni hili: diploma inaweza kukupa kazi ya ofisini, lakini haikufanyi wakili. Kwa uwakili utahitaji shahada ya miaka minne, kisha mafunzo na mtihani tena hapo hapo Karen.

Wapo wanaosema masharti yakilegezwa, matapeli watajaa. Hofu hiyo ina msingi. Madalali wa nje ya korti tunawajua, hata Mombasa wapo. Lakini tapeli hazuiwi na maana iliyoandikwa ndani ya sheria, anazuiwa na orodha ambayo mwananchi anaweza kuiangalia. Kule Kamiti wafungwa wamesomea shahada ya sheria ya University of London na kuwaandikia wenzao rufaa. Kama mfungwa anaweza kufunzwa na kusimamiwa, mama wa Mukuru ana kasoro gani? Serikali tayari ina mpango wa kumpa fundi cheti kwa ujuzi alioupata kazini. Mpango huo uwafikie na hawa, mtihani ufanywe kwa Kiswahili, na wasimamiwe na mawakili.

Sisi Pwani jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, kina ofisi Mombasa, na MUHURI wapo tangu 1997, lakini maskwota wa Kilifi na Kwale ni wengi kuliko mawakili watakaowafikia bure. Wenzetu wa Zanzibar wana kituo chao cha huduma za sheria tangu 1992, kinachofunza wasaidizi wa kisheria Unguja na Pemba, na mwaka 2018 wakapata sheria yao. Wabunge wetu wa Pwani wangeweza kuleta marekebisho ya sheria ya 2016.

Na wewe mzazi unayetaka kuuza mbuzi ulipe karo ya chuo chochote kinachotangaza "paralegal": kabla hujatoa shilingi, waombe barua ya Baraza la Elimu ya Sheria inayoonyesha kozi hiyo imekubaliwa, kisha ulizia baraza lenyewe kama barua ni ya kweli.