Dodoma ilipangwa kwa watembea kwa miguu, ivifungue vilima vyake

NYANDA ZA KATI
Na Asha Chilongani

Jumamosi alfajiri, kabla jua halijapanda, barabara za Dodoma huwa mali ya wakimbiaji. Hutoka Area C, Nkuhungu, Kisasa na Ilazo wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la klabu mgongoni, mbele yao kijana mwenye filimbi, nyuma gari lililobeba spika. Hukata mitaa kwa nyimbo, huishia uwanjani kunyoosha viungo, hunywa supu na kutawanyika. Utaratibu huu ulipata nguvu mwishoni mwa 2016, pale Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipoagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Kwa mji uliojaa watumishi wanaoshinda kwenye viti vya ofisi, hilo ni jambo la heri.

Hata hivyo, klabu hizo zinakimbia lami huku zimevipa mgongo vilima. Dodoma imekaa kwenye uwanda wenye kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na karibu kila upande yameinuka majabali: Mlimwa katikati ya mji, Mlima Simba unaoonekana toka mbali, vilima vinavyoizunguka Chimwaga kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma, na kaskazini zaidi safu ya Chenene. Mawe haya ni sehemu ya miamba mikongwe ya katikati ya Tanzania, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Watoto wengi wanaozaliwa mjini hapa leo wanayajua kwa kuyatazama dirishani tu.

Safu hii inasema wazi: kila klabu ya mazoezi ya Dodoma itenge angalau siku moja ya kiangazi iende vilimani, na Halmashauri ya Jiji iziwekee mipaka njia za miguu za vilima hivyo sasa, kabla nyumba na kuta hazijazifunga.

Majira yenyewe yanaita. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo kwa wastani haifiki hata milimita 600 kwa mwaka. Ikishakatika, wakulima wakivuna mtama na uwele, nchi hufunguka. Juni hadi Agosti upepo wa kusini mashariki huvuma na asubuhi huwa na baridi ya kuvalia sweta. Nyasi zimekauka na mibuyu imepukutisha majani, kwa hiyo aliye juu ya jabali huona mbali. Ikifika Oktoba joto limepanda na vumbi limetawala, na mwenye kukwea saa sita mchana anajitafutia maradhi.

Kutembea si jambo geni katika uwanda huu. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo kwa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walivuka nyika kavu ya Marenga Mkali wakiwa na mizigo ya kilo 30 na zaidi begani, na walipofika kwenye visima vya Wagogo, msafara ulilipa hongo ya nguo na shanga kwa watemi ndipo upate maji na ruhusa ya kupita. Reli ya Kati ilipofika Dodoma, 1910, enzi ya misafara ikawa inaisha. Lakini hadi leo mchungaji wa Kigogo anayetoka na ng'ombe alfajiri hutembea umbali ambao mkimbiaji wa Jumamosi angeusimulia wiki nzima.

Hata mji mkuu wenyewe ulichorwa kwa kumfikiria mtembeaji. Chama tawala cha wakati huo, TANU, kilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ikakabidhi mpango mkuu wa mji. Mpango huo uligawa makazi katika jumuiya zenye shule na huduma zao kwa umbali wa kutembea, ukaweka mabasi kwa safari ndefu, na ukaacha nafasi za wazi ziufuate uso wa ardhi. Gari binafsi halikupewa kiti cha mbele. Ulikuwa mji wa zama za Mwalimu Nyerere, aliyetoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu mwaka 1967 kuunga mkono Azimio la Arusha, safari ya zaidi ya kilometa 200.

CDA ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikaenda kwa Halmashauri. Mwaka uliofuata Dodoma ikatangazwa jiji. Sensa ya 2012 iliwakuta wakazi 410,956. Ile ya 2022 ikawakuta 765,179. Watu hao wote wanahitaji viwanja, mawe ya msingi na kokoto. Ndiyo maana nyumba zinapanda miteremko mwaka hadi mwaka, na nyundo za wapasua kokoto zinasikika. Hawa hawastahili kulaumiwa, wengi ni kina mama wanaolisha familia kwa ndoo za kokoto. Wa kuulizwa ni wenye ramani: kilima gani ni cha kuchimba, kipi ni cha kujenga, na kipi kitaachwa kwa ajili ya wote?

Atakayetaka kujua kinachoweza kupotea aende Kolo, wilayani Kondoa, penye michoro ya kale ya miambani. Hadi miaka michache iliyopita safari hiyo ilikuwa ya kuchosha, lakini tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilipozinduliwa mwaka 2018, klabu inayoondoka mjini saa kumi na moja alfajiri kwa Koasta huweza kula kifungua kinywa Kondoa mjini na kufika Kolo jua likiwa bado la upole. Hapo wageni huripoti ofisi ya mambo ya kale na kupewa mwongozaji. Gari huachwa chini, kilima cha Mungomi hupandwa kwa miguu.

Njia ni fupi lakini kali. Mwenye kiatu cha soli laini huteleza kwenye changarawe, na aliyezoea kasi ya lami hugundua haraka kwamba mlimani anayeongoza ni yule anayepanga pumzi. Pimbi hukimbilia kwenye nyufa. Kisha mwongozaji husimama chini ya jabali lililoinama, huonyesha kwa fimbo bila kuligusa, na macho yakishazoea kivuli michoro hujitokeza: watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, wengine wenye vichwa vikubwa vya ajabu, pamoja na twiga na tembo. Sehemu nyingine kuna michoro myeupe, mizito zaidi, inayohusishwa na wakulima waliofika baadaye.

Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey na mumewe Louis walipiga kambi katika eneo hili, Mary akinakili michoro ya pango baada ya pango. Kazi hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1983. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza Michoro ya Miambani ya Kondoa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia: zaidi ya mapango 150 katika eneo la kilometa za mraba 2,336, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Haikuorodheshwa kwa uzuri wa michoro peke yake. Mungomi ni mahali pa ibada hadi sasa, pa kuombea mvua na kutafuta tiba, na wenyeji huenda na pombe ya nafaka na mnyama wa kafara. Wahifadhi wamekuwa wakilalamika kwamba pombe na mafuta hurushwa kwenye michoro, nao wenyeji hujibu kwamba walikuwa hapo kabla ya wahifadhi. Klabu ya watembeaji inayofika hapo inaingia kwenye mazungumzo hayo, ipende isipende. Kwa hiyo adabu iwe ya kwenda kwa watu: kushusha sauti, kuuliza kabla ya kupiga picha, kutoacha hata ganda la karanga.

Kutoka juu ya Mungomi huonekana pia somo la pili, la udongo. Vilima hivi vya Irangi, hapa Kondoa, viliwahi kumomonyoka kiasi cha kuwa makorongo matupu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote, karibu 90,000, ikaondolewa kwenye eneo la kilometa za mraba 1,256. Hatua hiyo iliwaumiza wafugaji, na haifai kusimuliwa kama ushindi mtupu. Lakini miti na nyasi vilirudi, na mtembeaji anayepumzika kivulini Kondoa leo anapumzika kwenye matunda ya uamuzi ule. Wazee wa Kirangi walioyaona yote mawili, ukame wa makorongo na kurudi kwa kijani, bado wapo. Klabu ikimlipa mmoja wao posho nzuri ya siku atembee nayo, itarudi na elimu kubwa kuliko ya ziara yoyote ya semina.

Wapo watakaosema njia za miguu ni anasa ya miji tajiri. Wautazame Msitu wa Karura, Nairobi. Mwaka 1999 mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa na kuumizwa kichwani akitaka kupanda mti katika msitu huo, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa kwa wajenzi. Mwaka 2009 likaundwa kundi la Marafiki wa Msitu wa Karura, likashirikiana na Shirika la Misitu la Kenya: uzio, kiingilio, walinzi wakiwemo vijana wa mitaa jirani. Zaidi ya hekta 1,000 ambazo watu waliogopa kuzikanyaga sasa hutembelewa na familia zenye watoto.

Dodoma haihitaji uzio wa umeme kuzunguka Mlima Simba. Inahitaji mambo madogo: njia mbili tatu zilizopimwa na kuandikwa kwenye ramani ya mipango miji, rangi kwenye mawe kuonyesha mwelekeo, vijana wa mtaa waliofunzwa kuongoza na kutoa huduma ya kwanza, na sheria kwamba hakuna kiwanja kinachopimwa kukata njia hiyo. Mapito ya mifugo yaliyopo yanaweza kuwa msingi, kwa makubaliano na wafugaji wenyewe, kwa kuwa ng'ombe huchagua miteremko nafuu.

Nazo klabu zina kazi yao. Spika ibaki mjini, maana majabali yana nyuki, na nyuki hawapendi kelele. Kila mtu abebe lita tatu za maji, kofia, na raba zenye meno. Wa mwisho kwenye mstari awe mzoefu, asiachwe mtu nyuma. Chakula cha mchana kinunuliwe kijini, ugali wa uwele kwa mlenda, ili fedha ya siku hiyo ibaki pale miguu ilipopita. Na barua ya kuomba njia zipimwe iandikwe kwa Mkurugenzi wa Jiji kwa jina la klabu zote pamoja, ipelekwe kiangazi hiki, mvua ya Desemba ikute vigingi vimekwisha kusimikwa.