Bomba la Maji si Mtutu

Una bunduki ndogo ya .22 na unayo leseni yake. Unalindia mahindi. Sasa mtutu umeliwa na kutu, na risasi haiendi unakolenga. Jirani anakuambia, "Usihangaike. Tukate bomba la maji, tulichomelee hapa hapa nyumbani." Usikubali.

Litazame bomba hilo. Mabomba mengi ya maji ni chuma kilichokunjwa, kisha kikaungwa. Ndani utaona mshono. Bomba lilitengenezwa kubeba maji, na msukumo wa maji ni mdogo. Unajua gurudumu la baiskeli lililojaa upepo lilivyo gumu. Baruti ya risasi ya .22 ikiwaka, msukumo wake unaweza kufika karibu mara 500 ya ule wa gurudumu. Mshono ukiachia, mkono wako uko pale pale, umeshika.

Hata mtutu wa kiwandani una hesabu yake. Tazama kitako cha ganda la risasi ya .22. Kina ukingo unaotokeza pande zote. Dawa inayowasha baruti imo ndani ya ukingo huo. Pini ya bunduki huugonga, dawa ikawaka. Lakini ganda ni jembamba sana. Haliwezi kuuzuia moto peke yake. Mtutu hulishika pembeni, na komeo la bunduki hulishika nyuma. Nafasi kati ya mtutu na komeo ikizidi hata kwa unene wa karatasi chache, ukingo unaweza kupasuka. Moto hurudi nyuma, na jicho lako liko hapo linalenga. Fundi hupima nafasi hiyo kwa kipimo maalum. Tupa na msumeno havipimi.

Labda umesikia kwamba Marekani watu hubadilisha mitutu nyumbani. Ni kweli. Bunduki ya Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, mtutu wake unashikwa kwa skrubu 2 tu. Lakini watu hao hununua mtutu uliochongwa kiwandani kwa ajili ya bunduki hiyo. Hawakati bomba!

Kwetu Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu asiye na leseni kutengeneza silaha. Leseni yako ni ya kumiliki. Si ya ufundi.

Leo fanya hivi. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu. Toa magazini kwanza, ndipo ufungue komeo, uangalie kama imebaki risasi ndani. Ukianza na komeo, ukilifunga tena litaingiza risasi nyingine. Na kama nyigu wamejenga kwa udongo ndani ya mtutu, usiutoe udongo kwa kupiga risasi. Mtutu ulioziba hupasuka.

Kisha nenda kituo cha polisi na leseni yako, uulize fundi anayeruhusiwa yuko wapi. Mahindi yalindwe kwa debe na mbwa, mkipokezana zamu na majirani, mpaka bunduki irudi.