Nailoni ya Bwawa la Dhahabu: Ripoti Isomwe kwa Kiswahili

Sisi tunaotoka Kuria tumezoea kuipita ile nailoni nyeusi inayotandikwa kwenye mabwawa ya tope la dhahabu. Wengi hudhani ni turubai tu. Mimi nasema nailoni hiyo ni muhimu kuliko geti na askari wake, na ripoti ya ukaguzi wake yafaa isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wanaochota maji karibu, tena kabla tope halijamwagwa.

Kwa asiyejua, mawe ya dhahabu yakishasagwa, unga wake hutiwa maji yenye sianidi ili chembe za dhahabu ziyeyuke. Dhahabu ikitolewa, linalosalia ni tope lenye sumu. Kinachozuia sumu hiyo kuteremka hadi visimani ni nailoni yenye unene wa milimita 1.5 au 2 hivi! Jiwe lenye ncha chini yake laweza kuitoboa. Trekta ikigeuka juu yake huichana. Jua nalo huichakaza pale isipofunikwa, na juzi juzi tu nimeona mbuzi wakipanda ukingoni mwa bwawa moja kama vile ni kichuguu. Matundu mengi hutokea siku zile za kutandika na kumwaga kokoto juu. Tope likishajaa, ni nani atakayepiga mbizi kwenda kutazama?

Ukaguzi wenyewe si uchawi. Vipande vya nailoni huunganishwa kwa joto kwa mistari miwili, na katikati huachwa njia nyembamba ya hewa. Mkaguzi huziba ncha zote mbili, akajaza hewa, kisha akatazama geji. Mshale ukishuka, pana mahali panapovuja. Mahali pengine hupaka maji ya sabuni na kufyonza hewa kwa kisanduku cha kioo. Povu likitokea, tundu limepatikana. Fauka ya hayo kuna njia ya umeme. Sote tumesoma katika Fizikia kwamba plastiki haipitishi umeme. Basi umeme ukipita, hapo pana tundu, hata kama macho hayalioni.

Kumbe ni kazi ya fundi baiskeli! Naye huitia tyubu majini akatafuta mapovu, akabandika kiraka, kisha akairudisha majini tena kuhakikisha. Mteja hukaa pale pale akitazama. Sisi majirani wa bwawa hatutazami chochote.

Mwaka jana kulikuwa na baraza kijijini kwetu kuhusu bwawa jipya. Afisa mmoja alisoma kurasa tatu za Kiingereza, haraka haraka kama anayekimbizwa. Alipomaliza, nyanya mmoja alisimama, akajifunga leso vizuri, akauliza, "Mwanangu, nimesikia. Sasa yale maji ya mtoni ninywe au nisinywe?" Afisa akamjibu, "Mama, vipimo vyote viko sawa." Vipimo gani? Matundu yalikuwa mangapi, na yalizibwa? Yule nyanya aliketi. Jioni alichota maji kama kawaida, maana hana mto mwingine.

Ng'ambo ya mpaka, Tarime, Tanzania, waliko shemeji zetu wengi, yaliwafika. Mnamo Mei 2009 maji yenye asidi kutoka mgodi wa North Mara yaliingia katika mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika mto Mara, na Mara huishia Ziwa Viktoria. Kampuni ilieleza kwamba watu walikuwa wameiba utando wa plastiki wa bwawa. Haya, tuseme waliiba. Je, aliyepaswa kuuzunguka utando ule kila siku alikuwa wapi? Mwaka 2019 mgodi huo huo ulitozwa faini ya shilingi bilioni 5.6 za Tanzania kwa uchafuzi, na Julai serikali ikazuia bwawa lake la mabaki lisitumike. Ukuta wa bwawa ukipasuka, kama ule wa Chambishi, Zambia, tarehe 18 Februari 2025, dunia nzima husikia. Tundu la nailoni halina kelele.

Kuna watakaosema ati mambo haya ni ya kitaalamu, wananchi hawataelewa. La hasha! Mtu anayeelewa pancha ataelewa sentensi kama hii: "Tumepata matundu manne upande wa mto, tumeyaziba, tumeyapima tena na hayavuji." Isitoshe, Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari, na cha 42 haki ya mazingira safi. Haki hizo zitamfaa nini yule nyanya ikiwa habari zenyewe amefungiwa ndani ya Kiingereza?

Naomba ripoti ibandikwe pia kwenye ofisi ya chifu, ikiwa na mchoro wa bwawa na alama mahali palipotobolewa. Matokeo ya maji ya visima yabandikwe kando yake kila yanapopimwa. Kama shida ni mtafsiri, chama chetu kina wanaojua Kiswahili, Kikuria na Kijaluo. Tupeni kurasa hizo tatu siku ya Ijumaa. Jumatatu mtazipata zikiwa tayari.