Bandari bubu za Bagamoyo: Nani abebe dhamana ya roho ya msafiri?

Na Mwandishi Wetu

KILA upepo wa kusi unapoanza kuvuma kwa nguvu, kati ya Juni na Septemba, bahari inayotenganisha Bagamoyo na Unguja hubadilika sura. Mawimbi hukua, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa angalizo kwa watumiaji wa bahari. Pamoja na hayo, zipo mashua zinazoendelea kung'oa nanga usiku katika fukwe zisizo na gati, ofisi wala askari, zikiwa na shehena na, juu ya shehena hiyo, watu.

Fukwe hizo ndizo zinazoitwa bandari bubu. Ukanda wake unaanzia Kunduchi na Mbweni, kaskazini mwa Jiji la Dar es Salaam, unapita Mlingotini na Kaole, na kuendelea hadi Saadani na mwambao wa Pangani. Baadhi ya vituo vya ukanda huo vimekuwa vikirasimishwa, lakini mwambao ni mrefu na fukwe ni nyingi. Kutoka Bagamoyo hadi mjini Unguja ni kilometa zipatazo 45 tu. Ukaribu huo ndio mtego wenyewe: safari inaonekana fupi mno kuhitaji tahadhari.

Swali ambalo limekuwa likikwepwa kwa muda mrefu ni hili: mtu mzima mwenye akili timamu anapopanda mashua ya mizigo kwa hiari yake, bila tiketi na bila jaketi la kujiokolea, kisha mashua hiyo ikazama, lawama ni ya nani? Wapo wanaosema ameyataka mwenyewe. Wapo wanaosema ni Serikali iliyoshindwa kuzifunga bandari hizo. Na wapo, ambao huenda ndio wengi, wanaofunga mjadala kwa kusema ajali haina kinga.

Uchambuzi huu unajaribu kuonyesha kwamba majibu yote matatu hayatoshi.

Hoja ya hiari

Tuanze na wale wanaosema msafiri ameyataka mwenyewe. Hoja yao ina nguvu katika mambo fulani. Chukua mfano wa wanaoruka kutoka angani kwa parachuti, mchezo ambao kwa jirani zetu wa Kenya hufanyika hata katika pwani ya Diani. Mrukaji mwenye uzoefu huchagua parachuti yake mwenyewe. Anajua kwamba parachuti ndogo ikilinganishwa na uzito wake itamshusha kwa kasi kubwa na kumsamehe makosa machache, ilhali ile kubwa itamshusha taratibu. Wachambuzi wa ajali za mchezo huo wameonyesha kwamba wengi hufa wakiwa chini ya parachuti iliyofunguka vizuri kabisa, kwa sababu tu walichagua ya kasi kuliko ujuzi wao, au walikata kona kali wakiwa karibu na ardhi.

Mrukaji huyo akiumia, ni haki kumwambia kuwa sehemu kubwa ya dhamana ni yake. Lakini ni haki kwa sababu tatu. Kwanza, alifundishwa hatari hiyo kabla ya kuruka. Pili, alikuwa na uwezo wa kuchagua kifaa kingine. Tatu, angeweza kuahirisha safari yake ya angani bila kupoteza chochote isipokuwa burudani ya siku moja. Tena hata yeye hakuachwa peke yake: parachuti yake ya akiba hufungwa na fundi mwenye leseni, kwa muda uliowekwa na sheria za nchi husika, na rubani wake hukaguliwa na mamlaka ya anga.

Sasa tuyapime masharti hayo matatu kwa mama mfanyabiashara anayesubiri mashua Mlingotini saa nane za usiku. Je, anajua uzito ambao mashua ile inaweza kuubeba? Je, ana mashua nyingine ya kuchagua? Je, anaweza kuahirisha safari wakati mtaji wake wote umo ndani ya magunia yaliyokwisha kupakiwa? Kama jibu ni hapana mara tatu, neno hiari linakuwa jepesi mno kubeba uzito tunaoutwika.

Waliopita njia halali

Hoja ya kwamba anayezama amejitakia inadhoofika zaidi tukikumbuka Julai 18, 2012. Siku hiyo meli ya MV Skagit iliondoka katika Bandari ya Dar es Salaam, si bandari bubu, ikiwa na abiria waliokata tiketi. Ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe kutokana na upepo mkali na mawimbi. Makumi ya watu walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Meli hiyo ilijengwa mwaka 1989 nchini Marekani na kutumika kwa miaka mingi katika maji ya ndani ya Jimbo la Washington, yaliyokingwa na nchi kavu. Haikuundwa kwa ajili ya bahari ya wazi inayopigwa na kusi. Abiria wa kawaida angeyajuaje hayo? Aliona meli yenye viti, injini na kibali, akaamini kwamba kuna mtu aliyelipwa mshahara kuuliza swali hilo kwa niaba yake. Waziri wa Zanzibar aliyehusika na usafiri alijiuzulu siku chache baadaye, jambo ambalo si la kawaida katika siasa zetu, na ambalo lilikuwa ni kukiri kwamba dhamana haiishii kwa abiria.

Miezi kumi kabla ya hapo, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Chombo chenye uwezo wa kubeba abiria wapatao 600 kilikuwa, kwa mujibu wa tume ya uchunguzi, kimebeba zaidi ya watu 2,000. Hata hapa kuna la kujifunza kuhusu uamuzi binafsi. Vyombo vya habari viliripoti wakati ule kwamba baadhi ya watu, walipoona jinsi meli ilivyojazwa, walikataa kupanda. Walipoteza nauli na usiku mmoja, na walibaki hai.

Kwa hiyo uamuzi wa mtu binafsi si kitu cha kubezwa. Unaweza kuokoa maisha pale hatari inapoonekana kwa macho. Lakini hauwezi kuziba pengo la mkaguzi pale hatari inapojificha chini ya rangi mpya na cheti kilichopigwa muhuri.

Jaketi si jaketi tu

Jambo la pili linalostahili kutazamwa kwa undani ni kifaa chenyewe. Katika mashua nyingi za mizigo majaketi ya kujiokolea hayapo kabisa, na yanapokuwapo huwa yamefungwa kwa kamba chini ya shehena. Jaketi lililo chini ya magunia ya mkaa halina tofauti na jaketi lililobaki dukani Kariakoo.

Ni vema pia msafiri afahamu kwamba majaketi hayalingani. Viwango vya kimataifa huyapanga kwa nguvu ya kuelea, inayopimwa kwa kipimo cha nyutoni. Lenye nyutoni 50 ni kisaidizi tu kwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na ufukwe. Halitamgeuza mtu aliyezimia ili uso wake uwe juu. La nyutoni 100 ni la maji yaliyotulia. Kwa bahari ya wazi kinachohitajika ni nyutoni 150, na jaketi la meli za abiria linapaswa kumgeuza aliyepoteza fahamu ndani ya sekunde chache na kuinua mdomo wake juu ya maji. Linatakiwa pia kuwa na filimbi na taa, kwa kuwa anayeelea usiku bila taa ni vigumu kuonekana na mwokoaji.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unataka meli za abiria ziwe na majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria, au zaidi ya hapo ili kila mtoto apate lake. Sababu yake ni rahisi: mtoto huchopoka ndani ya jaketi la mtu mzima. Mzazi anayemvika mwanawe jaketi kubwa bila kulifunga kati ya miguu anajifariji bure.

Tena kifaa sahihi kikitumiwa vibaya chaweza kuua. Novemba 23, 1996 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyokuwa imetekwa iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, visiwani Komoro. Watu 125 kati ya 175 waliokuwamo walikufa. Baadhi ya abiria walikuwa wamejaza upepo majaketi yao wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia yaliwainua hadi darini na kuwazuia kutoka. Kanuni hiyo inafaa hata kwenye boti yenye chumba kilichofunikwa: jaketi la kujazwa upepo lijazwe ukiwa umekwisha kutoka nje.

Kwa nini wanapanda

Wanaotumia bandari bubu hawafanyi hivyo kwa kupenda hatari. Wapo wanaokwepa ushuru, na hao wanajua wanachokifanya. Lakini wapo pia wavuvi, wachuuzi wa dagaa na wauza mitumba ambao kwao safari ya kwenda Bandari ya Dar es Salaam, kilometa zipatazo 65 kwa barabara, kisha nauli ya boti ya kisasa na gharama za mzigo, humaliza faida yote. Askari anapofunga ufukwe mmoja bila kufungua njia nyingine iliyo halali na nafuu, biashara huhamia ufukwe wa jirani, mara nyingi wenye miamba zaidi na giza zaidi.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa. Anayepanda bandari bubu hayumo katika orodha yoyote. Chombo kikizama, hakuna anayejua watafutwe watu wangapi, na familia hubaki bila ushahidi wa kudai chochote. Ilipopinduka MV Nyerere katika Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018, idadi ya waliokuwamo haikujulikana kwa siku kadhaa, japokuwa kilikuwa kivuko cha Serikali kilichokaribia kabisa gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walifika 228. Ikiwa hali ni hiyo kwenye kivuko rasmi, itakuwaje kwa mashua isiyo na jina ubavuni?

Kila mmoja na fungu lake

Basi dhamana igawanywe kwa kipimo cha ujuzi na uwezo. Mwenye chombo ndiye ajuaye hali ya mbao na injini, kwa hiyo fungu lake ni la kwanza. Nahodha ndiye ajuaye bahari na mwenye kauli ya mwisho juu ya kung'oa nanga. Akiondoka wakati TMA imetoa angalizo, asijifiche nyuma ya amri ya tajiri wake. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililorithi kazi ya usalama wa vyombo vya majini kutoka SUMATRA, pamoja na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, ndio wenye nguvu ya kuzuia chombo kibovu kabla hakijaelea. Abiria ni wa mwisho katika mnyororo huo, lakini hayuko nje yake.

Fungu la abiria ni dogo na linawezekana: kuuliza jaketi liko wapi kabla ya kulipa nauli, kulivaa badala ya kulikalia, kumwachia ndugu aliyebaki jina la chombo na saa ya kuondoka, na kushuka pale maji yanapokaribia ukingo wa mashua hata kabla ya kuondoka ufukweni. Na mzazi akumbuke kwamba anaweza kuihatarisha roho yake kwa hiari, lakini mtoto aliyembeba hakuulizwa.

Ama kuhusu ile kauli ya kwamba ajali haina kinga, wazee wa pwani waliokuwa wakisubiri msimu wa upepo kwa wiki kadhaa kabla ya kutweka tanga hawakuiishi hivyo. Walimtegemea Mungu, na waliitazama mbingu. Viongozi wa dini nao hufundisha kwamba tawakali haiondoi tahadhari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, nalo linaamini kuwa vingi ya vifo vya aina hiyo vinazuilika.

Kilichobaki ni Serikali zote mbili kuamua kama zitaendelea kuzifukuza mashua kutoka ufukwe hadi ufukwe, au zitaweka katika vituo vichache vya Bagamoyo na Pangani gati dogo, karani mwenye daftari la majina, na ghala la majaketi ya kukodi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya shughuli moja ya kuopoa maiti.