Mhuri wa Nyama Mpakani

Mama wa nyumbani aishiye karibu na Busia au Mutukula hana budi kutofautisha mambo mawili yachanganywayo mara nyingi sokoni: ushuru na ukaguzi. Chini ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kutumika mwaka 2005, mchuuzi mwenye bidhaa za nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani aweza kupewa cheti chepesi papo hapo mpakani, akasamehewa ushuru. Msamaha huo ni wa fedha tu. Haumwondoi mganga wa mifugo.

Ng'ombe hukaguliwa angali hai, kisha hukaguliwa tena akiisha kuchinjwa. Mkaguzi hupasua misuli ya taya na moyo akitafuta vivimbe vya tegu, na hukata tezi akitafuta kifua kikuu. Kazi hiyo haiwezekani juu ya vipande vilivyokwisha kutiwa guniani na kupakiwa baiskelini, hata kama muuzaji ni jirani mwaminifu. Na wengi wao ni waaminifu, ila hawajui.

Linalotisha zaidi ni kimeta. Mnyama aliyekufa ghafla, akatokwa damu puani isiyoganda, hafai hata kupasuliwa, kwa kuwa vimelea vyake hukaa udongoni miaka mingi, na kuchemsha kwa kawaida jikoni hakuviui vyote. Nyama ya namna hiyo aghalabu huuzwa rahisi. Mke wa askari mwenye kungoja mwisho wa mwezi huvutwa na bei; hata hivyo autafute kwanza mhuri, na asipouona aulize ng'ombe alichinjwa machinjio gani.