Nguo za gome za Ituri: kazi inaonekana Paris, majina ya wamama hayaonekani

Kwa desturi ya Bambuti wa msitu wa Ituri, mtoto akizaliwa anafungiwa ndani ya nguo ya gome la mti. Nguo hiyo inaweza kuwa imechorwa tayari na mwanamke wa familia: mistari, nukta, vipande vyeusi na nafasi tupu. Ni nguo ya kuvaa, ya kucheza ngoma, ya kufunika mtoto. Lakini leo nguo za namna hiyo ziko ukutani, ndani ya vioo, katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Swali ni hili: huko ukutani, jina la mwenye kuichora liko wapi?

Kwanza kazi yenyewe, maana wengi wetu tunakaa Bunia, Butembo ao Goma na hatujaiona. Mwanaume ndiye anatoa gome la ndani la mti na kuligonga juu ya gogo mpaka linapanuka na kulainika. Kisha linaenda kwa mwanamke. Yeye anaketi chini, ananyoosha miguu na kutandika kitambaa juu ya mapaja. Wino wake ni maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makala, yale yale ya jikoni. Anachora kwa kidole ao kwa kijiti. Mistari inapishana kama wavu wa kuwindia, nukta zinafuatana, halafu ghafula anaacha nafasi wazi na kuanza upande mwingine kwa mtindo tofauti kabisa. Hakuna mtu, hakuna nyama, hakuna nyumba. Michoro ya namna hiyo inapakwa pia kwenye mwili.

Wenye kusoma sanaa wanaita uchoraji wa aina hii abstrait: picha isiyotaka kufanana na kitu chochote. Vitabu vingi vinasema ulizaliwa Ulaya karibu mwaka 1910, na wanaotajwa kwanza ni wanaume.

Hata huko Ulaya hadithi hiyo imeanza kurekebishwa. Mwaka 1911, Sonia Delaunay, mama aliyezaliwa Ukraine na kuishi Paris, alimshonea mtoto wake mchanga blanketi la vipande vya nguo vya rangi mbalimbali, kama alivyoona wamama wa vijijini wakifanya. Leo blanketi hilo linahesabiwa kati ya kazi zake za kwanza za abstrait. Tena lilikuwa la mtoto, kama kile kitambaa cha Ituri! Baadaye Delaunay alipeleka rangi zake kwenye magauni, vitambaa, hata kwenye gari. Mwaka 1964 jumba la Louvre lilionyesha kazi zake akiwa angali hai, na hakuna mwanamke aliyekuwa amepata heshima hiyo mbele yake.

Huko Ujerumani, shule ya Bauhaus ilifunguliwa mwaka 1919 na kusema inapokea wanawake sawa na wanaume. Walipofika, wengi walisukumwa kwenye kufuma. Anni Albers aliingia humo bila kupenda, lakini mwaka 1949 jumba la MoMA la New York lilimpa maonyesho yake peke yake, mtu wa kwanza wa kazi ya vitambaa kupata nafasi hiyo. Kufuma na kushona kulikuwa kunaitwa kazi ya mikono, kazi ya wamama. Sasa inaitwa sanaa, na bei imepanda.

Lakini Delaunay na Albers walikuwa na jina na tarehe. Mwaka 1991 jumba la Dapper, Paris, lilifanya maonyesho ya nguo za Bambuti, wakati nchi yetu ikiitwa bado Zaïre. Wazungu walizisifu sana. Hata hivyo, karatasi inayowekwa pembeni ya nguo hizi mara nyingi inaandika kabila tu, na kwamba msanii hajulikani. Hajulikani na nani? Kule kambini watu walimjua. Ni mnunuzi ndiye hakuuliza.

Na jina si mambo ya kujivuna tu. Katika soko la sanaa, bei inafuata jina. Mwenye jina anaweza kuitwa tena, kulipwa tena, kudai haki mtu akichapisha michoro yake kwenye vikwembe. Kwa michoro inayoitwa tu "ya Bambuti", hakuna hata mtu anayeonekana wa kuombwa ruhusa.

Sheria ya Julai 2022 juu ya haki za watu asilia Pygmées inatambua utamaduni wao. Ni hatua kubwa, ila karatasi ya Kinshasa haifiki msituni peke yake. Na msitu wenyewe uko taabuni. Hifadhi ya Okapi, yenye makao Epulu, iliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya hatari. Watafuta dhahabu, wakata miti na watu wenye silaha wanaendelea kuingia. Mwanamke aliyekimbia vita Mambasa na kuketi pembeni ya barabara hana gome, hana gardenia, na binti yake hana pa kujifunzia.

Kuokoa msitu ni kazi ndefu. Kuuliza jina kunahitaji bic na karatasi. Anayenunua kitambaa anaweza kuandika mambo matatu nyuma yake, mwenyewe akikubali: nani alikichora, katika kambi gani, mwaka gani. Na amwachie mwenye kazi picha yake. Kitambaa kikitoka msituni bila hayo, huko kinakoenda kitaandikwa neno moja tu: Mbuti.